Swali la Kisima, Swali la Mpaka



Saa tatu asubuhi, pale Dodoma, Spika anaingia ukumbini, dua inasomwa, hati zinawekwa mezani, kisha Katibu wa Bunge anaita maswali. Mbunge anasimama, anaomba swali lake lipatiwe majibu. Kutoka viti vya Serikali anasimama Naibu Waziri: "Kwa niaba ya Mheshimiwa Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo." Mbunge anainuka tena: "Pamoja na majibu mazuri ya Serikali, nina maswali mawili madogo ya nyongeza." Wewe uliyewasha redio huku unakaanga maandazi, au unasubiri abiria kijiweni, umeshalizoea hili. Ukiambiwa uliendeshe mwenyewe, hutapotea.

Kwa kuwa tumelizoea, tunalisikiliza kwa sikio moja. Leo nakuomba tulitegee yote mawili. Ninachotaka kukueleza ni hiki: saa ya maswali inamsaidia sana mwananchi anayedai kisima, zahanati au daraja. Lakini mwananchi anayeumizwa na bei ya sukari, na kibali cha kuagiza bidhaa, au na lori la mahindi lililozuiwa mpakani, saa hiyo inampita pembeni. Na sababu haiko kwenye uhodari au uvivu wa waziri huyu au yule. Iko kwenye namna swali lenyewe linavyozaliwa.

Tuanze na msingi. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Njia ya kwanza inayotajwa pale ni kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ona ilivyopangwa: kabla ya kufika kwenye mipango, sheria na mikataba, Katiba imeanza na kuuliza. Waziri akisimama kujibu, hafanyi hisani. Analipa deni la kikatiba, na sisi ndio tunaomdai.

Sasa fuata safari ya swali la kisima. Mbunge anaambiwa na wananchi wake kwamba pampu ya kijiji imekufa. Analiandika swali: ni lini Serikali itapeleka maji katika kijiji hicho? Swali linakwenda kwa Katibu wa Bunge, linafika Wizara ya Maji, wizara inauliza RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na wakala unamuuliza meneja wake wa wilaya. Meneja anafungua faili ambalo pengine lilikuwa limelala. Anapiga simu, anakwenda kuangalia, anaandika taarifa. Kwa hiyo siku Naibu Waziri anaposimama kusoma jibu, swali limeshafanya nusu ya kazi yake. Limemwamsha mtu ofisini.

Hivyo hivyo kwa barabara za TARURA, umeme wa REA na dawa za MSD. Wanaosikiliza Bunge mara kwa mara wanajua kuwa manaibu waziri wa TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, husimama mara nyingi kuliko wengi wenzao, maana shule ya msingi, kituo cha afya na barabara ya vumbi vyote viko kwenye kapu lao. Mahali panajulikana, mbunge wa pale anajulikana, ofisi inayohusika inajulikana, na fungu la bajeti lipo au halipo. Swali la namna hiyo ni vigumu kulikwepa.

Ni vigumu, ila hujaribiwa. Na hapa ndipo masikio yetu yanapotakiwa. Ukisikia "Serikali inaendelea kutafuta fedha", jua kwamba hujaahidiwa chochote. Ukisikia "kadri fedha zitakavyopatikana", ni wimbo uleule kwa sauti nyingine. "Upembuzi yakinifu unaendelea" ni jibu lenye nyama kidogo, mradi mbunge aliyeamka aulize utakamilika mwezi gani na nani anaufanya. "Nimwombe Mheshimiwa Mbunge avute subira" ni adabu njema tu. Na "baada ya Bunge hili nitaongozana naye hadi jimboni" ni ahadi unayoweza kuihesabu, kwa sababu waziri ama atakuja ama hatakuja, na kijiji kizima kitamwona.

Kuna mtego mwingine uliojificha kwenye bajeti. Waziri anasema fedha zimetengwa, na ukumbi unapiga makofi. Fedha zilizotengwa ziko kwenye kitabu. Zinazochimba kisima ni zile zilizotolewa zikafika kwenye akaunti ya mradi, na kati ya kitabu na akaunti pana umbali ambao miradi mingi haijawahi kuumaliza. Mwaka wetu wa fedha unafungwa Juni 30. Kwa hiyo swali zuri la nyongeza mwezi Aprili ni fupi: katika hizo zilizotengwa, ngapi zimeshatolewa? Jibu lake ni tarakimu, na tarakimu haina pa kujificha. Ikishasemwa inaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na mwaka unaofuata mtu anaweza kuisoma mbele ya yule aliyeitamka.

Hiyo ndiyo habari ya kisima. Sasa twende mpakani.

Machi 5, mwaka 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua kwa idara ya forodha ya nchi hiyo: mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie, yana sumukuvu kupita kiwango. Malori yaliyokuwa barabarani yakasimama mpakani Namanga. Siku tano baadaye zuio likalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 katika kila bilioni. Mwezi Mei Rais Samia Suluhu Hassan akaenda Nairobi, akazungumza na Rais Uhuru Kenyatta na akalihutubia Bunge la Kenya, na mawaziri wa pande mbili wakaagizwa kuviondoa vikwazo vya biashara.

Nakuuliza, msikilizaji: lile lori lililosimama Namanga lilikuwa la jimbo gani? Mahindi pengine yalinunuliwa soko la Kibaigwa, mfanyabiashara anaishi Arusha, dereva ana familia yake Moshi, na mkulima alishalipwa nusu huko Kiteto. Kila mmoja ana mbunge, na hasara yao yote haina mbunge hata mmoja. Wabunge wenyewe siku zile za zuio hawakuwa kwenye kikao. Hata wangekuwepo, swali la msingi huandikwa mapema, likazunguka wizarani kama lile la kisima. Zuio la siku tano halisubiri mzunguko huo. Jibu lingefika wakati mahindi yameshabunguliwa.

Halafu ni waziri yupi wa kumuuliza? Mahindi ni ya Waziri wa Kilimo. Biashara ni ya Waziri wa Viwanda na Biashara. Ushuru uko kwa Waziri wa Fedha. Mambo ya Afrika Mashariki yana waziri wake. Ushuru wa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ndio kabisa haupangwi na nchi moja: mawaziri wa nchi wanachama wanakaa pamoja, kama walivyokubaliana kuongeza daraja la nne, la asilimia 35, lililoanza Julai 2022. Kwa kisima, waziri akitaka kukwepa anasema hakuna fedha. Kwa biashara hana haja ya kusema hata hilo. Anasema tu kwamba jambo hili liko wizara nyingine, au liko Arusha, makao makuu ya Jumuiya. Na mara nyingi anasema kweli.

Chukua sukari. Mapema mwaka 2024 mvua za El Niño zilizuia uvunaji wa miwa, viwanda vikapunguza uzalishaji, na sukari ikaadimika. Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi, lakini dukani kilo ikapanda hadi shilingi 4,000 na zaidi. Serikali ikatoa vibali vya kuagiza kutoka nje. Nani alipewa, kiasi gani, kwa vigezo vipi? Hayo ndiyo maswali yaliyowaka bungeni mwezi Juni. Mbunge wa Kisesa wakati huo, Luhaga Mpina, alidai kuwa aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, amelidanganya Bunge katika suala hilo la sukari. Spika wa wakati huo, Dkt. Tulia Ackson, akamtaka alete ushahidi. Mpina akauwasilisha, kisha akazungumza na waandishi wa habari kuhusu ushahidi huo kabla Spika hajautolea uamuzi. Suala likapelekwa kwenye kamati ya maadili, na Juni 24 Bunge likamsimamisha asihudhurie vikao 15.

Sikusudii kuamua hapa redioni nani alikuwa mkweli. Naangalia mambo yalivyokwenda. Swali la vibali vya sukari liligeuka kuwa swali la mwenendo wa mbunge. Mama aliyekuwa anapima sukari robo robo dukani kwake alitaka kujua vibali vilitolewaje. Kilichojadiliwa mwishoni ni kanuni gani imevunjwa na adhabu iwe vikao vingapi. Kwa upande wa sera, jibu lilikuja kwa njia nyingine: Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliipa NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, nafasi ya kununua na kuhifadhi sukari ya kuziba pengo. Ni hatua kubwa katika biashara ya sukari, na imepita ndani ya sheria ya fedha yenye mambo mengine chungu nzima.

Siku hiyohiyo ya Juni 24, mwaka 2024, eneo la biashara la Kariakoo, Dar es Salaam, lilifungwa. Wafanyabiashara waligoma kufungua maduka, na mgomo ukasambaa hadi miji mingine mikubwa. Haikuwa mara ya kwanza. Mei 15 mwaka uliotangulia walifunga, wakilalamikia kodi, usajili wa maghala na namna wanavyokamatwa na maofisa. Wakati ule Bunge lilikuwa katikati ya mkutano wa bajeti, lakini Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, ilibidi atoke Dodoma aje Dar es Salaam. Mei 17 akakutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja. Mtu mmoja baada ya mwingine alishika kipaza sauti akauliza, mawaziri wakiwa wamekaa wanasikiliza. Na mengine yalijibiwa siku zilezile: usajili wa maghala ukasitishwa, na kikosi kazi cha kodi kilicholalamikiwa kikaambiwa kisimame.

Tafakari tukio lile. Ile ilikuwa saa ya maswali kamili, na pengine yenye majibu kuliko nyingi za Dodoma. Ila kiingilio chake kilikuwa kufuli. Muuza khanga alipoteza mauzo, mpakiaji mizigo alirudi nyumbani mikono mitupu, na mteja aliyesafiri kutoka mkoani au kutoka Lubumbashi akalala nyumba ya wageni akisubiri. Nchi isiyowapa wafanyabiashara nafasi ya kuuliza mapema italipia swali hilo kwa siku za soko lililofungwa. Na mwaka mmoja baadaye swali lilirudi, maana amri iliyotolewa uwanjani haina utaratibu wa kufuatiliwa kama jibu lililoandikwa.

Mfano wa mwisho ni wa Julai 28, mwaka 2025. Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, alitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15: miamala ya fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, kuongoza watalii, uchimbaji mdogo, kununua mazao shambani na nyinginezo. Wengi walishangilia, hasa wachuuzi waliokuwa wanalalamika kwamba mgeni amekuja kuuza rejareja bega kwa bega nao. Kenya nayo ikalalamika kwamba amri inagongana na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010. Kila upande una hoja ya kusikilizwa. Lakini angalia kalenda. Bunge lilikuwa limefungwa mwezi mmoja kabla, kuelekea uchaguzi. Hapakuwa na mbunge wa kusimama na kuuliza: Mganda au Mkenya anahesabiwaje hapa? Mwenye leseni iliyo hai afanye nini? Amri za namna hii hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, zinaanza kazi, na kamati ya Bunge ya sheria ndogo huzipitia baadaye.

Najua upande wa Serikali una jibu, na si jibu la kupuuza. Ukitangaza mapema kwamba ushuru wa bidhaa fulani utapanda, kabla ya jioni maghala yamejaa bidhaa hiyo na bei imeruka. Ukitangaza kwamba utatoa vibali vya sukari, wenye sukari wanaificha au wanaimwaga sokoni, kutegemea wanachotarajia. Kwa viwango vya kodi kabla ya hotuba ya bajeti, nakubali, siri ina maana yake. Ila siri hiyo ina mwisho. Baada ya kibali kutolewa, hakuna sababu ya kuficha kimetolewa kwa nani. Na amri ya kupanga nani afanye biashara gani si jambo la kuvizia usiku. Ingeweza kuwekwa mezani, ikaulizwa, ikarekebishwa, kisha ikasainiwa.

Majirani zetu wamehangaika na jambo hilohilo kwa njia yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliwatoa mawaziri bungeni. Waziri wao si mbunge, na kwa miaka mingi alijibu mbele ya kamati tu. Wabunge wakaona wanapungukiwa. Rais William Ruto aliwaomba baada ya uchaguzi wa 2022 wabadili kanuni zao, na kuanzia mwaka 2023 mawaziri wakaanza kuitwa kwenye ukumbi mkuu kujibu ana kwa ana. Kenya pia ina kamati ya Bunge ya kufuatilia utekelezaji, na Uganda ina kamati ya kufuatilia ahadi za Serikali. Hizo kamati zina kazi moja ya kuchosha na yenye faida: kufungua Hansard ya mwaka jana na kumuuliza waziri, ulisema hivi, imekuwaje?

Sisi nasi tuna chombo ambacho hatujakitumia hadi mwisho. Siku ya Alhamisi ni maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Kanuni inataka maswali hayo yahusu sera, na mara nyingi Spika humkatiza mbunge aliyeuliza habari ya daraja la kwao: hilo si la kisera, peleka wizarani. Basi hapo ndipo mahali pa swali la mpaka! Waziri Mkuu ndiye msimamizi wa shughuli za Serikali bungeni. Hawezi kusema jambo hili liko wizara nyingine, kwa sababu wizara zote anazisimamia yeye. Halihitaji wiki kadhaa za kuandikiana barua. Linaulizwa leo, linajibiwa leo, na nchi nzima inasikia. Alhamisi tunayoitumia kuuliza mambo ya jimbo moja ni Alhamisi tuliyomnyang'anya mfanyabiashara.

Wewe, msikilizaji, una sehemu yako pia. Ukiwa na shida ya maji, unajua njia: diwani, mbunge, barua, kelele. Ukiwa na shida ya kibiashara, usiishie kulalamika kwenye foleni ya forodha. Andikeni swali, ninyi wenye maduka, madereva na wanunuzi wa mazao, kupitia vyama vyenu, mmpelekee mbunge yeyote aliye tayari kulibeba, hata kama si wa jimbo lenu. Liandikeni kwa namna ambayo haliwezi kujibiwa kwa subira. Kibali kimetolewa kwa nani na kwa tani ngapi? Zuio linaanza tarehe gani na linakwisha tarehe gani? Kabla ya kusaini, Serikali ilikaa na wafanyabiashara wepi? Na gharama ya uamuzi huo, mwisho wa yote, inaangukia bei ya kitu gani dukani?

Bunge likikutana tena, chagua Alhamisi moja. Kaa na kalamu, andika kila tarehe na kila tarakimu itakayotoka kwa Waziri Mkuu kuhusu biashara. Karatasi ikibaki nyeupe, mpigie mbunge wako simu siku hiyohiyo umweleze hivyo, na umpe swali la Alhamisi inayofuata.